Uvira: Ngozi imekuwa nyembamba, krimu bado iko sokoni

Krimu zenye klobetasoli huuzwa Uvira kando ya sabuni, bila karatasi ya daktari. Hiyo ni dawa ya ukurutu, si mafuta ya urembo. Ikipakwa miezi mingi ili mtu awe mweupe, inakonda ngozi mpaka mishipa ya damu inaonekana usoni, na jua la Tanganyika halina huruma.

Hapo wengine wanatafuta sindano ya kufunga mishipa. Ipo, lakini ni zaidi ya mishipa ya miguu. Ngozi iliyokonda hairudishi. Kuacha krimu ghafula nako kunaweza kuwasha uso, basi daktari aonwe kwanza.

Ukaguzi uanzie mpakani Kavimvira na bandarini Kalundu, kabla katoni hazijafunguliwa sokoni.