Utafiti wa Wanafunzi Usife Makabatini

KILA mwaka, vyuo vikuu vya hapa Visiwani vinapofungua milango, huja majira ya uchaguzi wa serikali za wanafunzi. Mabango hubandikwa kutani, wagombea hupita dakhalia kwa dakhalia wakinadi sera zao, na baada ya kura kuhesabiwa hufuata mfululizo wa shughuli: hafla ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, bonanza la michezo, usiku wa utamaduni, kongamano moja au mawili, na mwisho karamu ya kuwaaga wanaomaliza. Hatuna ugomvi na shughuli hizo. Kijana asiyecheza huzeeka kabla ya wakati wake, na asiyejifunza kuomba kura kwa adabu akiwa chuoni atakuja kuiomba kwa ubabe akiwa nje. Lakini tunapoitazama orodha hiyo ndefu tunajiuliza: iko wapi siku ya kuonyesha kile hasa kilichowapeleka vijana hawa chuoni?

Swali hili si dogo. Wenye umri wetu wanakumbuka kwamba hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na chuo kikuu Unguja wala Pemba. Aliyetaka shahada alivuka bahari kwenda Dar es Salaam, na waliowatangulia walikwenda Makerere, au mbali zaidi. Leo mambo yamebadilika. Mwaka 1998 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Zanzibar huko Tunguu, na mwaka huo huo kikaanzishwa chuo cha Chukwani ambacho sasa kinajulikana kama Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria namba 8 ya mwaka 1999, na kwa sheria hiyo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kikapokea wanafunzi wake wa mwanzo mwaka 2001. Mwaka 2023 taasisi ya Kihindi ya IIT Madras nayo ikafungua tawi lake hapa Unguja. Haya ni matunda ya jasho la wananchi. Mwenye kutoa jasho ana haki ya kuuliza kilichovunwa.

Na wananchi wanauliza. Katika ziara za vijijini tumelisikia swali moja likirudiwa katika pwani ya mashariki, kwa maneno tofauti lakini kwa maana ile ile. Tulilisikia kwa mara ya kwanza kwa mama mmoja mkulima wa mwani, aliyekuwa ametoka majini, kanga imerowa na gunia liko kichwani. Alisema: “Walikuja watoto wa chuo, wakakaa nasi siku tatu. Wakatuuliza umri, watoto wangapi, kamba ngapi, shilingi ngapi. Tukawajibu, kwani ni watoto wetu. Sasa mwanangu, walipata nini?” Hatukuwa na jibu. Tulipofuatilia tukaelewa kwamba ripoti ile iliandikwa kwa Kiingereza, ikasahihishwa, ikapewa alama, ikajaladiwa, ikawekwa kabatini. Kijana alipata shahada yake. Mama yule hakupata hata salamu.

Tuuchukue huo mwani uwe mfano, maana hapo ndipo utafiti ulipowahi kutuonyesha faida yake waziwazi. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alianza kuuchunguza mwani wa pwani zetu tangu miaka ya 1970, wakati ambapo wengi wetu tuliuona kuwa ni majani tu ya kutelezea. Mwaka 1989 mbegu zikaletwa kutoka Ufilipino, kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani, na katika miaka michache wanawake wa pwani wakawa na fedha mikononi mwao wenyewe. Nyumba zilijengwa na watoto walipelekwa skuli kwa kamba na vigingi vile. Kisha, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, aina ya kotonii, ambayo ndiyo yenye bei nzuri zaidi, ikaanza kufa. Matawi yake huota weupe, hulegea na kukatika. Wataalamu wameonyesha kwamba maji ya kina kifupi yamezidi joto na kwamba maradhi ya mwani yamepata nafasi. Wakulima wengi wakabaki na spinosamu ya bei ndogo. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa hapa Unguja mwaka 1978 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamefanya kazi pamoja na wakulima kujaribu kupanda katika maji ya kina kirefu zaidi na kuuongezea mwani thamani kabla ya kuuzwa.

Hiyo ni kazi ya mabingwa, na tunaiheshimu. Lakini bahari ni kubwa na mabingwa ni wachache. Kupima joto la maji ya shamba la mwani kila bamvua, kwa mwaka mzima, katika vijiji kumi, si kazi inayohitaji udaktari wa falsafa. Inahitaji kipimajoto, daftari, uaminifu, na mwalimu wa kusimamia. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaiweza. Wanafunzi ishirini wa miaka mitatu mfululizo, kila kundi likianzia pale lililotangulia lilipoishia, wangetuachia hazina ya takwimu ambayo hakuna mgeni angeweza kutuuzia. Badala yake kila mmoja huanza upya na dodoso lake, huwachosha watu wale wale, na huondoka.

Yapo maswali mengine kama hayo, na yanalala milangoni mwetu. Karafuu ya Pemba hupoteza kiasi gani inapoanikwa vibaya? Vijiji kadhaa vimejiwekea utaratibu wa kufunga miamba ya pweza kwa muda maalumu. Je, vilipofungua, pweza walikuwa wakubwa zaidi, na nani alifaidika, mvuvi wa chombo au mama mwenye mchokoo? Visima vya vijiji vilivyo karibu na mahoteli vimeanza kuwa na chumvi tangu lini? Nyimbo za unyago na za kilimo wanazozijua bibi zetu, nani amezirekodi kabla hawajatutoka? Hayo yote ni ya ngazi ya shahada ya kwanza.

Wengine watasema kwamba kijana wa shahada ya kwanza ni mchanga mno kwa utafiti. Hilo halina msingi. Huko Marekani, katika chuo cha MIT, mwalimu kijana wa fizikia, Margaret MacVicar, aliasisi mwaka 1969 mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wa walimu wao, na tangu hapo vyuo vingi duniani vimeiga. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Kwa miaka mingi vijana wa Kimarekani wa umri ule ule wamekuwa wakija hapa Unguja kwa muhula mmoja, wanajifunza Kiswahili kidogo, kisha kila mmoja anapewa majuma kadhaa ya kuchunguza jambo lake: kima punju wa Jozani, matumbawe, uvuvi, mikoko. Ripoti zao zimehifadhiwa na zinasomwa. Hatuwaonei kijicho, wageni wema ni baraka. Lakini ikiwa kijana aliyetoka ng'ambo kwa miezi minne anaweza kuuandika msitu wetu, kwa nini kijana wa Kitogani au Pete, aliyezaliwa akiusikia msitu huo ukivuma, asiweze? Kinyozi hajinyoi, walisema wazee. Hawakusema akae na ndevu mpaka wageni waje kumnyoa.

Hapa ndipo tunaporudi kwa serikali za wanafunzi, kwani historia ya nchi hii inatufundisha jambo ambalo pande zote mbili zimelisahau. Uhusiano wa wanafunzi na wakubwa haukuwa shwari siku zote. Mwaka 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani mamia yao, na siku hiyo hiyo akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1978 wakaandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza za marupurupu ya viongozi, na mamia wakafukuzwa. Kumbukumbu hizo zimewafanya baadhi ya maofisa kuiona kila jumuiya ya wanafunzi kuwa ni moto wa kuchungwa, na baadhi ya viongozi wa wanafunzi kudhani kwamba kelele ndiyo kazi.

Lakini kati ya miaka hiyo miwili palitokea jambo jingine. Wanafunzi wa Dar es Salaam walikuwa na jarida lao lililoitwa Cheche. Mwaka 1970 jarida hilo lilichapisha uchambuzi mrefu wa Issa Shivji, kijana aliyemaliza shahada yake ya kwanza ya sheria mwaka huo huo, akichunguza ni nani hasa alikuwa akiimiliki na kuiendesha mitaji ya mashirika yetu baada ya Azimio la Arusha. Uchambuzi ule uliwaudhi wakubwa, na haukupita muda jarida likapigwa marufuku. Sisi tuliolelewa ndani ya Chama tunaweza kulisema hilo bila kificho: jarida limekwisha, lakini uchunguzi ule bado unasomwa na unajadiliwa vyuoni zaidi ya miaka hamsini baadaye. Ni hotuba ngapi za wakati ule zinazosomwa leo? Jambo la kudumu kabisa lililotoka katika vyama vya wanafunzi wa nchi hii lilikuwa kazi ya utafiti. Tena mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba kijana afanye kazi kwanza kati ya wananchi kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo haupo tena, lakini swali lililouzaa lipo: msomi atawajuaje watu wake?

Tukisema hivyo, haki inatutaka tuwageukie maofisa wa Serikali, maana lawama haiwaangukii vijana peke yao. Mwanafunzi anayekwenda ofisini kutafuta takwimu za mavuno au za maji huambiwa njoo kesho, na kesho huambiwa bwana mkubwa yuko safarini. Barua yake ya utambulisho hulala mezani mpaka muhula unakwisha. Lakini mgeni mwenye barua yenye nembo ya ng'ambo hupewa kiti, chai na jalada. Na kijana anayepelekwa ofisini kwa mafunzo ya vitendo, mara nyingi hujifunza kutoa nakala na kupanga mafaili, kisha hupigiwa muhuri kwamba amehitimu vyema. Tunawafundisha hivyo kwamba elimu yao haina kazi nchini mwao, halafu tunashangaa wanapotafuta njia ya kuondoka.

Hivyo basi tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila wizara na kila halmashauri itoe mwanzoni mwa mwaka wa masomo orodha fupi ya maswali ambayo inahitaji majibu yake, na imtaje ofisa mmoja atakayewapokea wanafunzi watakaoyachagua. Ofisi isiyo na swali lolote la kuuliza, basi hiyo yenyewe ni ya kuchunguzwa.

Pili, kibali cha utafiti kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayefanya kazi chini ya mwalimu wake kiwe na njia fupi, yenye siku zinazojulikana. Utafiti wake una majuma machache tu. Kibali kinachochukua miezi ni sawa na kumkatalia.

Tatu, serikali za wanafunzi zitenge sehemu ya ada za wanachama wao, hata iwe ndogo, kwa nauli na vifaa vya wanafunzi wanaokwenda vijijini, na hesabu zake zibandikwe ukutani kila mtu azione. Na katika shughuli zao za mwaka waweke siku ya utafiti, wakiwaalika si mawaziri na wafadhili tu, bali masheha, wavuvi, wakulima na walimu wa skuli. Siku hiyo izungumzwe kwa Kiswahili. Mwanafunzi asiyeweza kumweleza mkulima wa mwani alichokigundua kuhusu mwani, basi bado hajakielewa.

Nne, kila utafiti uliofanywa katika shehia urudi katika shehia hiyo, kwa kurasa mbili za Kiswahili na kwa mazungumzo ya saa moja chini ya mwembe. Walimu wasitoe alama ya mwisho mpaka hilo limefanyika.

Katika vyuo vya Kurani tulivyosomea utotoni, mwanafunzi aliyekwisha kuvuka juzuu alikaa na mdogo wake akamshika mkono juu ya herufi, kabla yeye mwenyewe hajahitimu. Hakuna aliyesema kwamba angoje mpaka awe shekhe. Elimu ilikuwa ni ya kupokezana, na aliyeificha alihesabiwa kuwa na deni.

Yule mama wa pwani bado anashuka majini kila bamvua. Kotonii yake imekufa, spinosamu haimlipi, na swali lake halijajibiwa. Viongozi wa wanafunzi watakaochaguliwa, na maofisa watakaosoma ukurasa huu, wanadaiwa naye kwa pamoja. Tunawaomba mwaka huu waanze kulipa.