Maziwa hayaoshi mapafu ya mpuliza rangi

Majuzi nilimpokea kijana wa miaka 19 kutoka Kaptembwa, akilalamikia kichwa, kizunguzungu na kikohozi. Nilipomuuliza kazi yake, akanionyesha matatu ndogo ya kadibodi na waya, imepulizwa rangi ya silva iking'aa kama kioo. Kazi safi, na wateja anao.

Niligutuka aliponieleza anakopulizia: chumbani anamolala, mlango na dirisha vimefungwa. "Daktari, vumbi la Nakuru likigusa silva kabla haijakauka, kazi imeharibika." Hilo ni kweli. Hata jina la mji wetu husemekana latokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Kisha akaongeza, "Lakini nikimaliza, hunywa pakiti ya maziwa."

Imani hii imeenea pia katika magereji, nayo inatudhuru. Maziwa huenda tumboni. Mvuke wa thina huingia mapafuni, ukapita damuni hadi kwenye ubongo. Viwili hivi havikutani njiani. Adui mkubwa wa kijana huyu si unga wa alumini unaoipa silva mng'ao, bali kemikali kama toluini na zailini zilizomo katika thina nyingi. Leo zitakulevya, baada ya miaka zaweza kuharibu neva na kumbukumbu. Wapulizao magari kwa rangi ya kuchanganywa na hadna wamo hatarini zaidi, kwani isosayaneti iliyomo huweza kuleta pumu ya kudumu. Tena mvuke huo ukikutana na jiko, nyumba huwaka.

Nilimshauri hivi. Pulizia nje alfajiri, kabla upepo haujainua vumbi, kisha funika kazi yako kwa katoni ikauke huko huko. Vaa barakoa yenye vichujio vya mkaa; kitambaa hakizuii mvuke. Usiweke thina kwenye chupa ya soda, mtoto atainywa.

Nanyi wenye magereji, kuwagawia vijana maziwa si kuwalinda. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga vinavyofaa. Bei ya barakoa ni ndogo ikilinganishwa na pumu ya maisha.

Maziwa ni chakula kizuri. Tuyatie kwenye chai.