Boti mbili za alumini, mto mmoja

Mwenye mtaji mdogo anayetaka kuachana na mtumbwi wa kuchonga huko Namawala, magharibi ya Ifakara, anapofikiria alumini hukabiliwa na boti za aina mbili. Ya kwanza ni ya futi 12, kitako bapa, kingo fupi, uzito kilo 60 hivi. Ya pili ni ya futi 14, kitako kimechongoka, kingo ni ndefu, nayo inakaribia kilo 100. Macho ya mnunuzi huenda haraka kwenye hiyo ya pili. Inabeba matenga mengi na inafanana na boti za ziwani. Kibiashara, kwa Kilombero, ni uamuzi mbaya.

Kitako kilichochongoka kimekusudiwa kupasua mawimbi, mathalani ya Ziwa Victoria. Bonde la Kilombero hufurika kati ya Machi na Mei, kisha maji hurudi nyuma, na kufikia Septemba na Oktoba samaki hubanwa kwenye mkondo mkuu na mabwawa yaliyobaki. Ndipo kambale na perege hupatikana kwa wingi sehemu moja, na ndipo boti nzito hukwama kwenye tope. Boti ya kilo 60 huvutwa na watu wawili. Ya kilo 100, ikiwa na injini, hudai vibarua, na vibarua hulipwa.

Chukulia, kwa hesabu ya mfano tu, kwamba boti kubwa humwachia mwenyewe sh. 300,000 kwa mwezi na ndogo sh. 220,000. Kubwa ikifanya kazi miezi 6, mwaka huleta sh. milioni 1.8. Ndogo ikifanya kazi miezi 10 huleta sh. milioni 2.2, tena kwa mtaji pungufu. Aidha, petroli ikipanda bei, ndogo huendelea kwa upondo na kafi. Kubwa hufungwa kando ikisubiri injini yake ya nguvu za farasi 15.

Hata hivyo, ndogo si ya kupakia ovyo. Kingo fupi na mzigo mkubwa katika mkondo wa Aprili ni maafa. Januari 2016 kivuko MV Kilombero II kilizama katika mto huu huu. Daraja lililozinduliwa mwaka 2018 limeondoa foleni ya kivuko. Halikuondoa mkondo, wala viboko.

Jambo linalosahauliwa dukani ni matengenezo. Alumini haiozi wala haili kutu kama chuma, lakini ikitoboka fundi wa kuchomelea mageti hawezi kuiziba kwa vifaa vyake vya kawaida. Inahitaji mashine maalumu na gesi ya argoni. Kwa hiyo boti iliyounganishwa kwa pini ni nafuu kwa mtu wa kijijini: kiraka cha bati, pini na gundi hutosha, hata kama pini hulegea baada ya miaka na kuvujisha.

Kabla ya yote hayo kuna karatasi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inadai usajili wa chombo na leseni. Tena mwaka 2023 sehemu ya bonde iliyokuwa pori tengefu ilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba la Kilombero, na humo masharti ni makali zaidi. Mnunuzi aulize halmashauri leseni yake itamruhusu kuvua maji yapi, na aulize kabla ya kulipa, maana muuzaji wa boti hatajali.

Ipo pia bei ya mwisho. Mtumbwi uliokwisha ni kuni. Boti ya alumini iliyokwisha huuzwa kwa kilo kwa wanaoyeyusha sufuria, na bei hufuata soko la London, ambako Machi 2022 tani moja ilikaribia dola 4,000. Hapo tu ndipo ile ya kilo 100 inaishinda ya kilo 60.