Aliye juu asiwe na pupa

Wewe unayejifunza jujitsu ya Brazil, pupa ni ya nini? Ukishamwangusha mwenzako na kumkalia kifuani, sehemu ngumu imekwisha. Hata hivyo, wengi hurukia shingo au kiwiko papo hapo.

Mnamo Novemba 12, 1993 mjini Denver, Marekani, Royce Gracie alimkalia bondia Art Jimmerson (aliyevaa glavu moja tu!). Jimmerson alisalimu amri kabla hajakabwa wala kupindwa kiungo.

Basi shusha kiuno, bana mbavu zake kwa magoti, umwache ahangaike. Akinyoosha mikono kukusukuma, mkono umejileta wenyewe. Uvute polepole, kwani kano za kiwiko zaweza kuchanika kwa nukta moja. Shingo ni hatari zaidi: ikibanwa pande zote mbili damu haifiki ubongoni, na mtu huweza kuzimia kwa sekunde kumi hivi.

Akikupigapiga kwa kiganja, mwachilie mara moja, usingoje mwalimu. Akilegea bila kupiga, mwachilie vilevile. Na ikiwa mwalimu wako huchukulia kuzimia kuwa mzaha, tafuta mwingine.