Simu moja kwa kila kitu? Tenga ya pesa kwanza

Vijana wenzangu wa Kitale na Bungoma, simu siku hizi si simu tena. Ni benki, ofisi, kamera, redio na tochi. Ukiwa wa bodaboda, wateja wako wamo humo. Ukiuza mitumba WhatsApp, hilo ndilo duka lako. Ndiyo maana wengi wanasema: nunua moja kali, umalize mambo.

Mimi sikubali. Cheti cha chuo sina, mkate wangu unatoka mtandaoni, kwa hivyo hii hesabu nimeipiga sana.

Chukua safari ya matatu kutoka Kitale, upitie Kiminini hadi Webuye, kisha Bungoma. Umetazama video njiani, chaji imeisha. Makanga anataka nauli. Nauli iko M-Pesa, na M-Pesa iko ndani ya simu iliyozima. Utamwambia nini?

Hiyo ni aibu tu. Hatari yenyewe iko kwa simu za lipa mdogo mdogo. Ukichelewesha malipo, simu inafungwa kutoka mbali. Yaani wiki ambayo kazi imekuwa ngumu, ndiyo wiki unanyang'anywa chombo cha kutafutia kazi. Kama huna simu nyingine, hata mteja aliye tayari kukulipa hakupati.

Mwizi naye? Akiipata simu ikiwa wazi, amepata programu ya benki pamoja na laini inayopokea nambari za siri za benki hiyo. Mlango na ufunguo, vyote mfukoni mwake.

Sisemi ukanunue tableti, saa ya bluetooth na spika. Vitu hivyo vingi hutegemea simu. Ikizima, saa inabaki bangili. Kila kimoja pia kinataka chaji, na stima zetu unazijua.

Ninachosema ni kabambe moja ya kubonyeza. Zipo za chini ya Sh3,000 na chaji inakaa siku kadhaa. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilitumika kwa simu kama hizo, na hadi leo ukibonyeza *334# unatuma pesa bila bando. Weka humo laini ya pesa na ya wateja, uifunge kwa PIN ya laini. Simu kubwa ipe laini ya bando: ifanye kazi, ipige picha, ikuburudishe.

Kuna atakayeniambia mshika mbili moja humponyoka. Sawa. Lakini mwenye moja, ikimponyoka, anabaki na nini?

Kwa hivyo kabla hujaongeza pesa ununue simu yenye kamera nzuri zaidi, toa hiyo elfu mbili, tatu, ununue kabambe. Kamera inaweza kungoja. Mteja hangoji.