MEZA YA MSAFIRI: Chungu cha Leiden na Vyakula Vingine vya Uholanzi

Aendaye Uholanzi, awe ni askari apelekwaye masomoni au mama amfuataye mumewe, aghalabu huonywa na waliotangulia kwamba huko hakuna chakula ila mkate, jibini na viazi vilivyopondwa. Onyo hilo ni kweli nusu. Waholanzi hawakujaliwa mapishi ya fahari kama jirani zao Wafaransa. Mchana hutosheka na mkate wenye kipande cha jibini, na chakula cha moto huliwa mara moja tu, yapata saa kumi na mbili jioni. Hata hivyo, kipo chakula kimoja kati ya vyao ambacho mwanajeshi atakielewa upesi kuliko raia.

Chakula hicho huitwa hutspot. Katika mwaka 1574 mji wa Leiden ulikuwa umezingirwa na majeshi ya Mfalme wa Hispania chini ya Francisco de Valdés. Jemadari huyo hakuona haja ya kupoteza watu kwa kuzipanda kuta. Aliziba njia zote akaiachia njaa kazi hiyo. Ndani ya mji watu walikula mbwa, paka na panya, kisha tauni ikaingia, na maelfu ya wakazi wakafa. Husimuliwa kwamba wenye njaa walipomwendea Meya Pieter van der Werff wakimtaka asalimu amri, aliwaambia heri waukate mkono wake waule kuliko yeye kuutoa mji.

Msaada haukuweza kufika kwa nchi kavu. Ndipo William wa Orange na wenzake walipoamua kuzibomoa kingo zizuiazo maji, ili bahari iingie mashambani na mashua zenye chini bapa zipite juu ya ardhi. Uamuzi huo haukuwa mwepesi, kwani mashamba yaliyozamishwa yalikuwa ya watu wao wenyewe. Majuma yakapita na maji hayakutosha kuelea mashua, hata upepo ulipogeuka na kuyasukuma mpaka karibu na kuta. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Oktoba Wahispania wakaikimbia ngome yao ya Lammenschans. Hadithi ya mji husema kwamba mvulana yatima, Cornelis Joppenszoon, alinyemelea ngomeni, akakuta hakuna mtu, ila chungu chenye mchuzi wa nyama na mizizi. Mashua za waokoaji nazo zikaleta samaki na mkate mweupe. Tangu hapo kila tarehe 3 Oktoba watu wa Leiden hula hutspot, na wakazi hugawiwa samaki na mkate kama siku ile. Chungu kinachosemekana kuwa ndicho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lakenhal.

Viazi havikuwamo katika chungu cha asili, kwa kuwa zamani zile havijaenea Ulaya, viliingia baadaye. Mama wa nyumbani atakaye kujaribu hahitaji kusafiri. Nusu kilo ya nyama ya mbavu za ng'ombe itokoswe polepole kwa saa mbili na zaidi, pamoja na chumvi, pilipili manga na jani la mdalasini likipatikana. Katika supu hiyo vitiwe kilo moja ya viazi mviringo, karoti kilo moja kasorobo na vitunguu vikubwa vitatu, vyote vimekatwakatwa. Vikiiva, supu imwagwe pembeni, viazi na karoti vipondwe kwa mwiko pamoja na siagi, na supu irudishwe kidogo kidogo. Visisagwe vikawa uji. Uzuri wake ni kuonekana vipande vya karoti. Familia ya watu wanne itashiba.

Samaki wa Leiden ni haring, jamaa ya mbali ya dagaa wa Ziwa Tanganyika, ila ni mkubwa zaidi. Huliwa bila kupikwa, na hapa ndipo wageni wengi hurudi nyuma. Lakini si mbichi kabisa: hutolewa matumbo, huachiwa kongosho lililainishe nyama yake, hutiwa chumvi kidogo, na sheria hudai agandishwe kwa baridi kali ili minyoo ife. Wa msimu mpya hutoka mwezi wa Juni. Wengine humshika mkia, huinua uso na kumshusha kinywani. Mgeni aombe akatiwe vipande vyenye kitunguu, hakuna atakayemcheka.

Wakati wa baridi hupikwa supu nzito ya njegere kavu iitwayo snert, ambayo hudaiwa kuwa haijaiva mpaka kijiko kisimame ndani yake. Ni chakula kizuri kwa mtu aliyeshinda lindoni katika theluji. Lakini Mwislamu na ajihadhari: asili yake hupikwa kwa miguu ya nguruwe na soseji ya moshi. Neno la kukariri kabla ya safari ni varken, yaani nguruwe, na spek, yaani mafuta yake. Katika miji mikubwa yamo maduka mengi ya nyama halali ya Waturuki na Wamoroko, hivyo hakuna sababu ya kubahatisha.

Kuhusu vinywaji, pombe yao ya asili ni jenever, hutiwa katika bilauri ndogo mpaka pomoni, na mnywaji huinama kupiga funda la kwanza bila kuishika. Ni kali, na aliye kazini aiache. Asiyekunywa pombe atapewa maziwa ya moto yenye anisi, au karnemelk, maziwa machungu yaliyotolewa siagi. Wenye asili ya nchi za ng'ombe hawatahitaji kufundishwa kuyanywa.

Kwa watoto nyumbani zawadi ifaayo ni stroopwafel za mji wa Gouda: vitambaa viwili vyembamba vya unga vilivyogandishwa kwa asali ya sukari. Haziharibiki upesi njiani. Kikombe cha chai ya moto hufunikwa kwa kimoja, na baada ya dakika moja au mbili mvuke huilainisha asali iliyo ndani.