Aliyeanguka Mtini Asiinuliwe Upesi

Msimu wa maembe unapowadia, watoto hupanda mitini, na baadhi yao huanguka. Desturi yetu yajulikana: jirani wa kwanza kufika humshika mtoto makwapani, humwinua na kumwambia, "Haya, simama tuone." Nia yake ni njema, lakini tendo hilo laweza kumdhuru mtoto kuliko kuanguka kwenyewe. Ili akina mama wasomaji wetu wafahamu sababu, juma hili tutaitazama mifupa ya katikati ya mwili.

Mtu mzima ana mifupa 206. Kati ya hiyo, 80 ndiyo mhimili wa mwili: fuvu la kichwa, uti wa mgongo, mbavu na kidari, pamoja na vijifupa vya ndani ya masikio na kimoja cha kooni, chini ya ulimi. Mikono na miguu imepachikwa kwenye mhimili huo kama matawi kwenye shina. Mhimili haubebi tu, bali hulinda pia. Fuvu ni sanduku la ubongo. Mbavu, jozi 12, ni tenga lililohifadhi moyo na mapafu. Lakini leo shauri letu hasa ni uti wa mgongo.

Wengi hudhani kuwa uti ni mfupa mmoja mrefu. Sivyo. Ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, mfano wa muwa. Shingoni zipo 7 (naye twiga, pamoja na urefu wake wote, ana 7 vilevile), nyuma ya kifua 12, na kiunoni 5. Chini yake pingili 5 zimeungana kuwa mfupa mmoja kati ya nyonga, kisha hufuata kifandugu, mahali panapouma mno mtu akianguka kwa makalio. Kati ya pingili na pingili mna visahani vya gegedu vinavyopokea mitikisiko. Hivyo hubonyea mchana kutwa kwa uzito wa mwili, hata mtu akipimwa jioni huwa mfupi kidogo kuliko alivyokuwa asubuhi.

Kila pingili ina tundu upande wa nyuma. Matundu hayo yakipangana hufanya mfereji, na ndani yake umepita ugwe laini utokao ubongoni, ambao unene wake wakaribia ule wa kidole cha mwisho cha mkono. Humo hupita amri ziendazo mikononi na miguuni, na habari za maumivu, joto na baridi zirudizo kichwani. Hata pumzi hutegemea mishipa ya fahamu inayochipuka shingoni. Basi, mfupa uliovunjika huunga, lakini ugwe uliokatika hauungi. Pingili yaweza kuvunjika na ugwe ukabaki salama, mpaka afike mwenye huruma amkunje mtoto ili ambebe mgongoni. Hapo kipande cha mfupa husogea, na aliyekuwa akichezesha vidole vya miguu huweza kupooza maisha yake yote.

Kwa hiyo mwacheni alale alivyoanguka, isipokuwa kama kuna hatari mahali pale, kama vile moto au magari. Mtu mmoja apige magoti kichwani pake na kukishika kichwa kwa mikono miwili kisigeuke. Muulizeni kama shingo au mgongo wauma, kama ahisi ganzi, kama aweza kuchezesha vidole. Asiwekewe mto, wala asipewe maji. Akitapika au akikoroma, watu watatu au wanne wamgeuze ubavu kwa pamoja kama gogo, yule wa kichwani akitoa amri, ili shingo isipindike. Vivyo hivyo atelezeshwe juu ya machela, ubao mpana au hata mlango uliong'olewa, na kusafirishwa hivyo hadi hospitali. Kumketisha juu ya baiskeli ni hatari kubwa.

Si kuanguka tu kunakoharibu pingili. Wako watoto ambao migongo yao huinuka kigongo polepole, na wazee husema ni kurogwa au ni urithi wa ukoo. Mara nyingi ni kifua kikuu, ambacho watu hukidhania kuwa ni maradhi ya mapafu peke yake. Mwaka 1779 mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika habari za ugonjwa huu, na hata leo huitwa kwa jina lake. Vijidudu huila pingili kwa mbele hadi ikaporomoka, na ugwe nao huweza kubanwa.

Mtoto huanza kwa kulalamika mgongo majuma mengi, hukonda, huwa na homa za jioni, na akitaka kuokota kitu hachutami kwa kuinama bali hushuka kwa magoti, mgongo ukiwa wima. Mama akiona hayo asingoje kigongo kitokeze. Dawa zipo, nazo humezwa kwa miezi mingi bila kukatiza. Huua vijidudu, lakini pingili iliyokwisha kuporomoka haziirudishii kimo chake.